Mji wa Viwanda 21 vya Wiski

Kati ya mwaka 1885 na 1887, mwandishi Mwingereza Alfred Barnard alizunguka Uskoti, Ireland na Uingereza akitembelea viwanda vya wiski kimoja baada ya kingine, mpaka vikapita 160. Katika safari hiyo alifika Campbeltown, mji wa bandari karibu na ncha ya rasi ya Kintyre, kusini-magharibi mwa Uskoti. Mji ni mdogo, wa kuuzunguka kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri, lakini alikuta humo viwanda 21 vikipika wiski. Nusu karne baadaye, mwaka 1934, vilikuwa vimebaki viwili.

Wapenzi wa wiski wanapozungumzia ladha za maeneo, kwa kawaida hutaja maji ya chemchemi, udongo na upepo wa bahari. Vitu hivyo vipo. Lakini maji ya Kintyre hayakubadilika kati ya 1885 na 1934, wala upepo haukuacha kuvuma. Kilichobadilika ni ushuru, nishati, usafiri na matakwa ya wanunuzi. Hivyo ndivyo vilivyouinua mji huu na ndivyo vilivyouangusha, na anayetaka kujua mila ya mahali hujengwaje atajifunza mengi hapa.

Maarifa yenyewe ya kupika kinywaji cha namna hii ni ya zamani kuliko Uskoti ya wiski. Mtu hupasha moto kimiminika, mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka ukiwa umetakata. Wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu waliiendeleza sana kazi hiyo kwa ajili ya dawa na manukato, na marashi ya mawaridi yanayonyunyiziwa wageni harusini katika pwani yetu hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Ulaya ya zama za kati iliyapokea maarifa hayo kupitia vitabu vya tiba na nyumba za watawa. Kumbukumbu ya zamani zaidi ya kazi hiyo inayojulikana huko Uskoti ni ya mwaka 1494, pale hesabu za hazina ya mfalme zilipoandika kwamba Ndugu John Cor, mtawa, amepewa kimea cha kutengenezea kinywaji kikali kwa amri ya Mfalme James wa Nne.

Upishi wake hauna siri kubwa. Shayiri hulowekwa, hutandazwa sakafuni na kugeuzwageuzwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa kwa moto ili isiendelee kukua. Hicho ndicho kimea. Husagwa, huchanganywa na maji ya moto ili kutoa utamu wake, hutiwa hamira na kuachwa kichachuke. Pombe hiyo nyepesi hupikwa katika mitungi mikubwa ya shaba, kwa kawaida mara mbili, kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni na kusubiri miaka. Katika kila hatua mpishi huchagua: akaushe kimea kwa moto gani, mtungi uwe na umbo gani, apike mara ngapi, atumie pipa lililowahi kubeba nini. Ladha hutokana na machaguo hayo. Na kwa miaka mingi machaguo mengi hayakuwa ya mpishi mwenyewe.

Mwaka 1784 Bunge la London lilipitisha sheria iliyoigawa Uskoti kwa mstari uliopita kati ya nyanda za juu na nyanda za chini. Muda mfupi baadaye, kusini mwa mstari huo mwenye kiwanda alikuja kutozwa ushuru mkubwa kulingana na ukubwa wa mtungi wake, si kwa kiasi alichouza. Basi mwenye akili alitengeneza mtungi mpana usio na kina, uliochemka haraka, akaujaza na kuumwaga mara nyingi kwa siku kadiri alivyoweza. Wiski ya haraka namna hiyo ilikuwa kali na yenye kukwaruza koo, na nyingi yake ilipelekwa Uingereza kugeuzwa pombe ya jini. Kaskazini ushuru ulikuwa mwepesi, lakini mitungi ilitakiwa iwe midogo na bidhaa haikuruhusiwa kuuzwa kusini. Huko walipika polepole, kwa shayiri ya mashamba yao, na wiski yao ikasifiwa kuliko ile ya kusini. Hivyo maeneo ya kwanza ya wiski yaliyowahi kuwekewa mpaka yalizaliwa bungeni, na tofauti ya ladha kati yao ilitokana kwa sehemu kubwa na hesabu za mtoza ushuru.

Palipo na bidhaa nzuri isiyoruhusiwa kuvuka mpaka, magendo hayakosi. Kintyre ilifaa sana kwa kazi hiyo: ina ghuba nyingi zilizojificha, na kutoka ncha yake hadi pwani ya Ireland ni kama kilomita 20 tu. Huko Campbeltown fundi wa mabomba na shaba aitwaye Robert Armour alifungua karakana mwaka 1811, na vitabu vyake vya hesabu hadi 1817 vimehifadhiwa. Vinaonyesha kwamba, mbali na kazi zake za halali, aliwatengenezea watu wa vijijini mitungi na mirija ya kupikia wiski ya magendo. Aliandika mauzo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba jirani zake wote ni wateja wake. Mila ya wiski ya Campbeltown ilianza hivyo, majumbani na mabondeni, miaka mingi kabla ya mabomba ya moshi kujaa mjini.

Sheria ikabadilika tena. Mwaka 1816 ule mstari ulifutwa, na mwaka uliofuata Campbeltown ikapata kiwanda chake cha kwanza cha leseni katika enzi mpya. Mwaka 1823 ikaja sheria kubwa zaidi: leseni ya pauni 10 kwa mwaka na ushuru wa wastani kwa kila galoni. Sasa mtu angeweza kupika kihalali na bado akapata faida. Si wote waliofurahi. Katika bonde la Glenlivet, upande wa kaskazini-mashariki, George Smith alichukua leseni mwaka 1824, na majirani zake wa magendo walimtishia kiasi kwamba alitembea na bastola mbili kiunoni. Campbeltown ilivuka kwa utulivu zaidi. Watu wale wale waliokuwa wakijificha walijenga viwanda. Springbank, kilichoanza mwaka 1828, kilikuja kuwa mali ya ukoo wa Mitchell, na kikakaa katika ukoo huo kwa vizazi.

Mji ulikuwa na kila ulichohitaji. Shayiri ilimea katika mashamba ya rasi. Makaa ya mawe yalichimbwa upande wa pili, karibu na Machrihanish, na tangu 1794 yaliletwa mjini kwa mfereji, baadaye kwa reli ndogo. Mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyolala kinamasini kwa maelfu ya miaka, ilikatwa vipande, ikakaushwa na kuchomwa chini ya kimea, moshi wake ukaingia ndani ya nafaka. Meli za mvuke zilipakia mapipa gatini na kuyafikisha Glasgow, mji uliokuwa ukikua kwa kasi ya kushangaza. Wiski iliyotoka hapa ilikuwa nzito, yenye mafuta, moshi na kitu kinachokumbusha chumvi.

Uzito huo ulikuwa na soko. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa afisa wa ushuru Ireland, alipata hataza ya mtambo uliopika mfululizo bila kusimama, ukitoa pombe nyepesi ya nafaka kwa bei nafuu. Sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu kuchanganya wiski ya kimea na ile ya nafaka ghalani kabla ya kulipa ushuru, na Andrew Usher wa Edinburgh akawa miongoni mwa waliojenga biashara juu ya mchanganyiko huo. Pombe nyepesi ya Coffey ilihitaji kitu cha kuipa nguvu, na wiski ya Campbeltown ilifanya kazi hiyo vizuri. Viwanda vikaongezeka. Ndugu wawili wa ukoo wa Mitchell, John na William, walikosana, inasimuliwa kwa sababu ya kondoo, na William akaenda kujenga kiwanda chake, Glengyle, mwaka 1872, jirani kabisa na Springbank.

Wakati huo huo maeneo mengine yalikuwa yakipata sura zao. Kisiwa cha Islay hakina makaa ya mawe wala misitu mikubwa, lakini kina mboji tele, hivyo kimea chake kilikaushwa kwa moshi mzito. Bonde la mto Spey, jirani na Glenlivet, lilipitiwa na reli mwaka 1863. Reli ikaingiza makaa na kutoa mapipa, na wiski ya huko ikaendelea kuwa nyepesi na laini, yenye moshi mdogo. Wachanganyaji wa Edinburgh na Glasgow waliipenda zaidi na zaidi. Campbeltown nayo ilikuwa na kireli kile kimoja, ambacho hakikuwahi kuunganishwa na mtandao wa reli za Uskoti. Wakati usafiri wa bahari ulikuwa mfalme, mji huu ulikuwa karibu na kila kitu. Reli zilipotawala, ukawa mbali.

Pigo halikuja kwa siku moja. Mwaka 1898 kampuni ya ndugu Pattison, wafanyabiashara wakubwa wa Leith, iliporomoka, na ikaonekana kwamba wiski iliyopikwa Uskoti ilikuwa nyingi kuliko walioinywa. Vita Kuu ya Kwanza ilifanya shayiri ihitajike kwa chakula. Ushuru uliokuwa shilingi 14 na peni 9 kwa galoni mwaka 1914 ulifika shilingi 72 na peni 6 mwaka 1920. Mwaka huo huo Marekani ilipiga marufuku pombe. Baadhi ya wenye viwanda vya Campbeltown walijaribu kujiokoa kwa kupika haraka na kutumia mapipa mabovu, wakilenga soko la magendo la Marekani lisilouliza maswali. Jina la mji likachafuka, ukaenea uvumi kwamba wiski yake inanuka samaki. Machimbo ya makaa nayo yakafungwa. Glengyle na Hazelburn, hiki cha pili kikiwa ndicho kikubwa kuliko vyote mjini, viliacha kupika mwaka 1925. Vingine vikafuata.

Kabla Hazelburn hakijafungwa, alipita hapo kijana mmoja kutoka Japani. Masataka Taketsuru, mtoto wa ukoo wa wapika sake, pombe ya mchele, alifika Uskoti mwaka 1918 kusoma na kujifunza kazi ya wiski. Mwaka 1920, akiwa amemwoa Mskoti, Rita Cowan, alifanya kazi Hazelburn kwa miezi kadhaa na kuandika kila alichokiona: vipimo, mitambo, joto, mwendo wa kazi. Alirudi na maandishi hayo nyumbani, akashiriki kuanzisha kiwanda cha Yamazaki, kisha mwaka 1934 akaanzisha chake mwenyewe huko Yoichi, katika kisiwa cha baridi cha Hokkaido. Ni mwaka ule ule Campbeltown ilipobaki na viwanda viwili, Springbank na Glen Scotia. Yoichi bado hupasha mitungi yake kwa makaa ya mawe, kama viwanda vya Campbeltown vilivyofanya enzi zake. Mila iliyokuwa ikizimika kwao ilikuwa imeandikwa na mgeni aliyeithamini, ikapata makao mengine.

Vile viwili vilivyobaki havikuishi kwa raha. Glen Scotia kilifungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja. Springbank chenyewe kilisimama kwa miaka kadhaa kuanzia 1979. Lakini uamuzi uliochukuliwa hapo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa hesabu ya kawaida, kiwanda kidogo mahali pa mbali kingenunua kimea kutoka viwanda vikubwa, kingetuma wiski yake kwenda kutiwa chupa kwingine, na kingepunguza wafanyakazi. Springbank kilikwenda kinyume. Mwaka 1992 kilirudisha kazi ya kuchipuza shayiri kwenye sakafu zake, kazi iliyokuwa imeachwa tangu 1960. Leo kimea chake chote hutengenezwa hapo hapo, na wiski yake hutiwa chupa hapo hapo. Zaidi ya hayo, ndani ya kiwanda hicho kimoja hupikwa wiski za namna tatu. Mbili kati yake zimepewa majina ya viwanda vilivyokufa: Longrow, yenye moshi mwingi, na Hazelburn, isiyo na moshi, inayopikwa mara tatu.

Mwaka 2000 Hedley Wright, mzao wa ukoo wa Mitchell na mwenye Springbank wakati huo, alinunua majengo ya Glengyle, kile kiwanda kilichojengwa na William baada ya ugomvi, na mwaka 2004 kikaanza kupika tena baada ya kimya cha karibu miaka 80. Inasimuliwa kwamba alisukumwa na wasiwasi kuwa eneo lenye viwanda viwili tu halingeendelea kuhesabiwa kuwa eneo. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zilipotaja majina matano ya mahali yanayolindwa kisheria, Campbeltown ilikuwamo, pamoja na nyanda za juu, nyanda za chini, Speyside na Islay.

Sababu zilizoizaa ladha ya Campbeltown zimetoweka karibu zote. Mstari wa 1784 haupo, machimbo yamefungwa, na mchanganyaji wa Glasgow hana tena haja ya wiski nzito ya kuitegemea. Zamani watu wa Campbeltown walipika walivyopika kwa sababu mazingira hayakuwapa njia nyingine. Waliopo sasa wana njia nyingine, tena nyepesi na za bei nafuu, na bado wanageuza shayiri sakafuni kwa mikono. Mazoea huwa mila pale watu wanapokuwa na uhuru wa kuyaacha wakaamua kuyabeba. Sheria ya 2009 ililinda jina la Campbeltown, lakini ilikuta jina hilo lina maana kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kugharamia kazi yake katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa akiwalipa kuitunza.