Kompaila: kifasiri au kikusanyi?

Neno kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa lugha ya mashine, limezoeleka kwa yeyote aliyesoma uandishi wa programu vyuoni kwetu, na kitenzi chake kimeshaingia mdomoni: programu imekompailiwa, au imegoma kukompailiwa. Sina ugomvi nalo. Ninalolikataa ni "kikusanyi", neno la anayefungua kamusi ya Kiingereza, akachukua maana ya kwanza ya "compile" na kuishia hapo.

Kukusanya kulikuwa na sababu yake zamani. Mwaka 1952 Grace Hopper aliunda programu iliyoitwa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC. Ilichukua vipande vya maelekezo vilivyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa, ikaviunganisha kuwa programu moja. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa FORTRAN, jina ambalo ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kufasiri fomula. Mhandisi aliandika hesabu karibu kama anavyoiandika daftarini, ikageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kazi ilikuwa imebadilika. Jina la kazi ya zamani likabaki.

Mimi nilianza na hiyo FORTRAN, nikahamia C, na siku hizi nashinda kwenye Python. Lugha huja na kupita. Kilichonilazimu kufikiri upya kila nilipohama ni kujua nani anaigeuza lugha hiyo, na lini.

Hapo Kiswahili kimejaaliwa, maana kinamtenga mfasiri wa maandishi na mkalimani wa mazungumzo. Kwetu Kenyamonta kazi zote mbili zinajulikana. Ofisa akizungumza na wazee kwa Kiswahili, mtu husimama kando yake akigeuza sentensi moja moja kwa Kingoreme. Akikwama, mkutano umekwama, na kesho ofisa mwingine akija lazima aitwe tena. Anayefasiri Maandiko husoma sura nzima, akarudi nyuma, akasahihisha. Kitabu kikishachapwa, msomaji hana haja naye.

Kompaila ya C ni huyo wa pili. Husoma msimbo wote kwanza, hukataa kosa la sarufi kabla programu haijaanza, na inachokitoa hufanya kazi bila yenyewe kuwapo. Python humtaka mkalimani kila inapoendeshwa. Jina la kigeu ulilokosea herufi kwenye mstari wa mia tatu halitajulikana mpaka utekelezaji ufike hapo, pengine usiku wa manane, baada ya hesabu ya saa nyingi. Anayefundisha vijana programu aanze na tofauti hii kabla ya kuwatajia lugha yoyote.

Kwa hiyo napendekeza kifasiri na kikalimani. Ni vyombo, vikae ngeli moja na kichapishi na kikokotoo.

Atakayepinga atasema mpaka kati ya viwili hivi si mkali, na ni kweli. Java, iliyotoka mwaka 1995, hufasiriwa kwanza kuwa msimbo wa kati ambao si wa mashine yoyote halisi. Kisha kikalimani huusoma, na sehemu zinazorudiwa mno hufasiriwa papo hapo kuwa lugha ya mashine ili ziende kasi. Hata Python hupitia msimbo wa kati wa namna hiyo kabla ya kuendeshwa. Lakini nimeweza kuyaeleza haya yote kwa vitenzi viwili, kufasiri na kukalimani. Kwa "kukusanya" nisingefika popote.