Nyota Moja kwa Stacy

Mwaka 1982, Roger Ebert, mchambuzi wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliipa Fast Times at Ridgemont High nyota moja kati ya nne. Hakuishia hapo. Aliifananisha na shimo la uchafu, akauliza inakuwaje mwigizaji chipukizi kama Jennifer Jason Leigh atumbukizwe humo. Kisha akaongeza la kuuma zaidi: ingekuwa imeongozwa na mwanamume, angesema inawadhalilisha wanawake, imeongozwa na mwanamke, Amy Heckerling, na bado inawadhalilisha.

Mwaka 2005, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza filamu hiyohiyo kwenye orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa. Kwani nini kilibadilika katika miaka hiyo 23? Filamu ni ileile.

Tumwelewe Ebert kwanza. Miezi michache kabla, Porky's ilikuwa imejaza kumbi kwa vituko vya wavulana wanaochungulia wasichana wakioga. Ilivuna pesa kibao, na komedi yoyote ya vijana iliyofuata ilinusiwa kama ndugu yake.

Lakini hii ilitoka kwingine. Cameron Crowe, mwandishi wa jarida la Rolling Stone, alikuwa na miaka 22 aliporudi sekondari huko San Diego akijifanya mwanafunzi. Aliwasikiliza vijana, akaandika kitabu mwaka 1981, halafu mswada wa filamu.

Watu humkumbuka zaidi Spicoli, yule jamaa wa Sean Penn anayeletewa piza darasani kwa Bwana Hand. Sawa, anachekesha. Hebu sasa waangalie wenzake. Stacy anahudumia wateja kwenye mkahawa wa piza. Kaka yake Brad anafutwa kazi kwenye duka la baga, kisha unamkuta kwenye duka la samaki, amevalishwa nguo za haramia. Ni wanafunzi, ndiyo, lakini pia ni vibarua.

Stacy ana miaka 15. Anapata mimba ya Damone, mvulana wa maneno mengi anayelangua tikiti za tamasha. Wanaamua itolewe. Damone anatakiwa kuleta nusu ya gharama, dola 75, na usafiri. Siku inafika, Damone haonekani. Stacy anamwomba Brad amshushe mahali, eti anakwenda kucheza tu. Brad anamwona akivuka barabara kuelekea kliniki. Stacy anapotoka, anamkuta kaka yake anamngoja. Brad anamuuliza ni nani aliyempa mimba. Stacy hasemi, na Brad hamlazimishi.

Basi. Filamu haimuui Stacy, haimfukuzi shule, haimgeuzi kuwa mfano wa kutishia wasichana wengine. Anayeaibishwa ni Damone: Linda, rafiki wa Stacy, anamwandikia tusi kwenye gari, kisha kwenye kabati lake shuleni.

Hapo ndipo Ebert na Heckerling walipopishana. Ebert aliona msichana akiumizwa, na macho yake hayakumdanganya. Stacy anaumizwa kweli. Alichokosa ni kuuliza filamu imesimama upande wa nani. Kwenye Porky's tunacheka pamoja na wachunguliaji. Hapa tunabaki na aliyeachwa aking'oja usafiri.

Wapo walioona tofauti mapema. Janet Maslin wa New York Times aliiona imevurugikavurugika, lakini akakiri ina mtazamo mpya. Pauline Kael wa New Yorker alishangaa kwamba si mbaya alivyodhani. Sisemi ilihitaji mwanamke kuielewa. Nasema wote hao waliitazama filamu moja, na kila mmoja aliingia ukumbini na mzigo wake.

Halafu ikaja 1995. Heckerling yuleyule akatoa Clueless, na Ebert yuleyule akaipa nyota tatu na nusu. Chama cha kitaifa cha wachambuzi wa filamu Marekani kikamtuza Heckerling kwa mswada bora. Naipenda sana Clueless. Lakini mbona kazi yake ilikuwa rahisi hivyo? Cher ni mtoto wa tajiri wa Beverly Hills, na hadithi yake imetolewa kwenye Emma ya Jane Austen. Mchambuzi alishapewa sababu ya kuiheshimu kabla taa hazijazimwa. Stacy hakuwa na Austen mgongoni. Alikuwa na aproni na zamu ya jioni.

Ndiyo maana uhakiki wa zamani ni ushahidi mzuri wa kihistoria, hata pale unapokosea: unatuambia watu wazima wa enzi ile walikuwa tayari kumsikiliza kijana yupi. Aliyesoma gazeti lile mwaka 1982 aliambiwa vijana wa Ridgemont wako kwenye uchafu. Hakuambiwa kwamba kuna mtu aliahidi dola 75 na usafiri, asitokee.