Keki ya Karameli: Hivi Ndivyo Unaipika Kejani Bila Chupa ya Ladha

Kama wewe ni mpenzi wa keki, lazima umeshawahi kununua kipande kimeandikwa karameli, ukakiuma, ukaskia tu sukari na vanila. Rangi ya kahawia iko, lakini ladha imeenda wapi?

Jibu ni rahisi. Keki nyingi zinapakwa rangi na matone machache ya ladha ya chupa. Karameli yenyewe haitoki dukani, inatoka kwa moto. Habari njema ni kwamba kitu unahitaji ni sukari ile ile ya chai, maji na sufuria nzito. Noma iko kwa dakika mbili za mwisho tu, na hapo ndipo wasee wengi wanaharibu.

Karameli ni nini?

Sukari ikipata moto wa kutosha, kuanzia digrii 160 hivi, inaanza kuvunjika na kutengeneza ladha mpya ambazo hazikuwepo. Utamu unapungua, uchungu kidogo unaingia, na harufu inabadilika kabisa. Ndiyo maana karameli ya ukweli haichoshi mdomo kama sukari tupu. Kule kusini mwa Marekani, ambako keki hii ina jina kubwa, mpishi anapimwa kwa karameli yake kabla ya kuulizwa kuhusu keki.

Vitu utahitaji

Sharubati ya karameli: sukari gramu 200 (kikombe kimoja), maji moto mililita 150.

Keki: unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, siagi au majarini gramu 170, sukari gramu 150, mayai 3, maziwa mililita 120, vanila kijiko 1 cha chai, na sharubati mililita 120.

Frostingi: siagi gramu 150, sukari ya aisingi gramu 300, sharubati vijiko 3 vikubwa, chumvi kidogo sana.

Kwa keki majarini ni sawa kabisa. Kwa frostingi, kama mfuko unaruhusu, weka siagi, juu hiyo hailiwi ikiwa imepikwa na ladha yake inasikika yote.

Hatua ya 1: Choma sukari

Tandaza sukari kwa sufuria nzito na ndefu, kavu, bila maji. Washa moto wa wastani. Ikianza kuyeyuka pembeni, koroga mos mos na mwiko wa mbao. Ikishikana mabonge, usipanik, punguza moto na uendelee, yatayeyuka.

Sasa kuwa rada na rangi. Rangi ya asali ni mapema sana, keki haitakuwa na ladha. Unatafuta rangi ya strungi iliyokolea, na moshi mwepesi ukianza tu kutokea. Ikifika rangi ya kahawa nyeusi, imeungua. Hiyo mwaga, anza upya. Sukari ya kikombe kimoja ni hasara ndogo kuliko keki nzima yenye uchungu.

Ikifika, zima moto na umwage maji MOTO kidogo kidogo huku umesimama mbali. Itafoka na kurusha mvuke kwa nguvu, kwa hivyo usiiname juu ya sufuria. Maji baridi yataifanya ifoke zaidi na igande. Rudisha kwa moto mdogo mpaka mabonge yote yayeyuke, kisha iache ipoe kabisa.

Hapa hakuna mchezo: sukari hii ina moto mwingi kuliko maji yanayochemka, na inanata kwa ngozi. Watoto wakae mbali, na usionje na kidole. Ikikuchoma, weka mahali hapo chini ya maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala yai, hizo zinaongeza ngori tu. Kama jeraha ni kubwa au lina malengelenge, enda hospitali.

Hatua ya 2: Oka keki

Washa oveni digrii 175. Paka mafuta mikebe miwili ya sentimita 20 na uweke karatasi chini.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na laini. Ongeza mayai moja moja, kisha vanila. Changanya unga, beking pauda na chumvi kando. Changanya maziwa na sharubati mililita 120. Sasa weka unga na maziwa kwa zamu, ukianza na kumaliza na unga. Usipige sana baada ya unga kuingia, keki itakuwa ngumu kama mandazi ya jana.

Oka dakika 25 hadi 30. Choma katikati na kijiti, kikitoka kikavu, imeiva.

Hauna oveni? Hakuna stress. Weka mchanga safi au chumvi chini ya sufuria kubwa, funika, pasha dakika 10 kwa moto mdogo, kisha weka mkebe ndani na ufunike vizuri. Oka mkebe mmoja kwa wakati mmoja na uanze kuangalia baada ya dakika 35. Ukitumia jiko la makaa, pika nje au mahali penye hewa ya kutosha, juu moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na unaua watu ndani ya keja zilizofungwa.

Hatua ya 3: Frostingi

Piga siagi peke yake dakika 4 mpaka iwe nyepesi. Chekecha sukari ya aisingi na uiweke kwa awamu. Malizia na chumvi na vijiko 3 vya sharubati iliyopoa. Ikiwa bado na joto, siagi itayeyuka na frostingi itakuwa supu. Ikitokea hivyo, weka bakuli kwa friji dakika 15 na upige tena.

Subiri keki ipoe kabisa. Paka kila kipande vijiko viwili vya sharubati iliyobaki, weka frostingi katikati, juu na pembeni. Kwa wale wa Mombasa na Kisumu, joto ni adui, kwa hivyo paka jioni na uhifadhi kwa friji. Itoe saa moja kabla ya kuila, siagi baridi huficha ladha.

Kwa wale wanauza

Kama unapika order za bethdei, choma sharubati nyingi kwa mara moja uhifadhi kwa chupa safi yenye kifuniko. Inakaa kwa friji wiki kadhaa. Usipunguze gharama kwa kurudi kwa rangi na ladha ya chupa: sukari ni moja ya vitu vya bei rahisi kwa hii keki, na ndiyo itafanya kastama arudi. Mtu akilipia karameli, aiskie kwa mdomo wa kwanza.