Vyombo vya jikoni vya merikebu Mary Rose

Mary Rose ilikuwa merikebu ya kivita ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Ilizama tarehe 19 Julai 1545 karibu na Portsmouth, ikipambana na Wafaransa. Kati ya watu wapatao 500 waliokuwamo, waliookoka hawakufika 40. Mabaki yake yaliinuliwa kutoka baharini tarehe 11 Oktoba 1982. Miongoni mwa vitu zaidi ya 19,000 vilivyopatikana vimo vyombo vya kupikia na vya kulia, ambavyo vimehifadhi habari za watu wasiotajwa katika vitabu vya historia.

Jiko lilikuwa ngamani, sehemu ya chini kabisa ya merikebu, juu ya farumi ya kokoto. Lilikuwa na meko mawili ya matofali, yaliyojengwa ili moto wa kuni usizifikie mbao. Juu yake ziliwekwa sufuria mbili kubwa za shaba, moja ya lita 600 na nyingine ya lita 360. Humo ilitokoswa nyama ya chumvi, ya ng'ombe na ya nguruwe, kwa ajili ya mamia ya watu.

Vyombo vya kulia vilifuata cheo. Wakubwa walikula katika sahani za madini ya bati; baadhi zina herufi GC, zinazohusishwa na George Carew, amiri aliyezama na merikebu hiyo. Mabaharia na askari walitumia sahani na mabakuli ya mbao, na bia waliinywea katika vikombe vya mbao vyenye mifuniko. Wengi hawakujua kusoma, hivyo walichora alama kwa kisu ili kila mmoja atambue chombo chake.

Vyombo vya mbao vya zama hizo ni adimu nchi kavu, kwani vilipochakaa vilitupwa au vilichomwa. Hivi vilisalimika kwa sababu matope laini yalivifunika na kuizuia hewa, hali vitu vingi vya chuma vililiwa na kutu.

Jina Ny Coep limechongwa kwenye bakuli na kwenye mfuniko. Katika kimojawapo limeambatana na neno lenye maana ya mpishi. Kati ya mamia waliofia humo, wanaojulikana kwa majina ni wachache mno. Mpishi huyo anahesabiwa miongoni mwao kwa ajili ya vyombo vyake tu.

Vyombo hivyo huonyeshwa katika jumba la makumbusho la Mary Rose, lililofunguliwa mjini Portsmouth mwaka 2013.