Ngano ya Basotu na Mtoto wa Kibarabaig

Ukiuliza kwa nini watoto wengi wa Kibarabaig wilayani Hanang walichelewa kufika shule, jibu la haraka ni mila. Wazazi wanapenda ng'ombe kuliko elimu, basi, habari imeisha. Jibu hilo mimi limenichosha, maana linafuta miaka ya sabini yote.

Novemba 1974 TANU iliamua kule Musoma kwamba kila mtoto asome. UPE, kama wazazi wetu walivyoizoea kuiita, ikaanza 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikambana mzazi: mtoto wa miaka saba asipoandikishwa, ni kosa. Safi kabisa. Ila miaka hiyo hiyo NAFCO, shirika la umma, lilikuwa linapanua mashamba ya ngano uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada. Yakafika mashamba saba, kama ekari 100,000 hivi.

Tena siyo ardhi ya ovyo. Humo mlikuwa na malisho bora kuliko yote, Wabarabaig wanayaita muhajega. Walihamisha mifugo kwa msimu ili nyasi zipumzike. Ukiondoa muhajega, mpango mzima unayumba. Sasa ng'ombe wanakwenda mbali zaidi, na wachungaji ni akina nani? Watoto, wale wale ambao sheria inawataka darasani. Kwa Wairaqw wa Mbulu, wanaolima na kukaa mahali pamoja, shule ya kijiji haikuwa na ugomvi mkubwa kiasi hicho. Familia nyingine za Kibarabaig zilihama moja kwa moja. Na matrekta, yaani, yalipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa rufani 1985. Sababu mojawapo, hebu isome taratibu: wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kwa mkoloni. Watoto wao, kwa upande wa shule, hawakudaiwa uthibitisho wowote.

Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Ibara ya 28 inahusu elimu, na ndiyo tunayoinukuu kila semina. Ya 27 inahusu maisha yanayomtosha mtoto kukua. Kwa Basotu, mimi ningeanza na hiyo ya 27.