Rangi na Bunduki: Maneno ya Sheria katika Historia ya Marekani

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na hukata nyuma. Methali hii hueleza sheria jinsi ipasavyo kuwa, wala si kila mara jinsi ilivyo. Mfano mmoja ulio wazi ni historia ya sheria za bunduki nchini Marekani. Mijadala ya nchi hiyo huendeshwa kana kwamba hoja ni silaha peke yake: za aina gani ziuzwe, na kwa masharti gani. Lakini azisomaye sheria zenyewe, tangu zama za ukoloni wa Kiingereza, ataona kwamba swali lililotangulia mara nyingi halikuwa silaha gani, bali mikono ya nani. Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo katika maneno ya sheria, na kuonyesha jinsi neno la rangi lilivyoondolewa katika maandishi, na jinsi kazi yake ilivyorithiwa na maneno mengine yasiyotaja rangi kamwe.

Katika koloni la Virginia, baraza la kutunga sheria liliamuru mwaka 1640 kwamba watu wote wapatiwe silaha na risasi, isipokuwa watu weusi. Mwaka 1680 koloni hilo hilo lilimkataza mtumwa kuchukua rungu, fimbo, bunduki, upanga au silaha nyingine yoyote, iwe ya kushambulia au ya kujikinga, wala asitoke katika shamba la bwana wake bila ya cheti. Yafaa kuangalia kwamba fimbo na bunduki ziliwekwa katika sentensi moja. Fimbo haikuwa chombo cha vita. Kilichoogopwa ni mkono ulioishika. Hofu hiyo ilizidi mwezi wa Septemba 1739, karibu na mto Stono katika South Carolina, pale watumwa wapatao 20 walipovunja duka, wakatwaa bunduki na baruti, na kuanza safari ya kuelekea Florida iliyokuwa chini ya Wahispania. Uasi huo ulizimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu, na mwaka uliofuata koloni likazikaza sheria zake za kuwatawala watumwa.

Taifa jipya lilipozaliwa, Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yalitamka kwamba haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha isivunjwe. Neno lililotumiwa ni "watu", bila ya kivumishi chochote. Walakini haukupita hata mwaka mmoja kabla ya maana yake kubainishwa. Sheria ya mgambo ya mwaka 1792 iliwataka wajiandikishe na kujipatia bunduki raia wanaume walio huru na weupe, wenye umri kati ya miaka 18 na 45. Katika majimbo ya Kusini ubainishaji huo uliendelea. Baada ya uasi wa Nat Turner katika wilaya ya Southampton, Virginia, mwaka 1831, hata watu weusi waliokuwa huru walipokonywa ruhusa ya kuchukua silaha katika jimbo hilo. Tennessee nayo, ilipoandika katiba mpya mwaka 1834, ililibadili tamko la zamani lililowapa haki hiyo watu huru, likawa watu huru weupe. Neno moja liliongezwa, na jamii nzima ikatolewa nje ya haki.

Aliyeyaweka mambo haya wazi kuliko wote ni Jaji Mkuu Roger Taney, katika hukumu ya kesi ya Dred Scott ya mwaka 1857. Miongoni mwa sababu alizozitaja za kukataa kwamba mtu mweusi aweza kuwa raia ni hii: angekuwa raia, angekuwa na haki ya kuweka silaha na kuzichukua popote aendapo. Hapa uraia na silaha vilifungwa katika fundo moja.

Fundo hilo lilikatwa na vita. Watu weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la serikali kuu kati ya mwaka 1863 na 1865, na wengi wao walirudi makwao na bunduki zao. Majimbo yaliyoshindwa yalijibu upesi. Mwezi wa Novemba 1865 Mississippi ilitunga sheria iliyomkataza mtu mweusi asiye askari wa serikali kuu kuwa na bunduki, risasi au jambia bila ya leseni ya wakuu wa wilaya. Aliyeivunja alitozwa faini isiyozidi dola 10, na silaha yake ikawa mali ya yule aliyemchongea. Ni dhahiri kwamba sheria ya namna hii haikuishia kupokonya silaha tu. Ilimfanya kila jirani mzungu kuwa mpelelezi mwenye tamaa ya ujira.

Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1868, yaliwafanya watu weusi waliozaliwa nchini kuwa raia, na kuyakataza majimbo kuwanyima ulinzi sawa wa sheria. Tangu hapo haikuwezekana tena kuandika neno "weupe" waziwazi katika sheria ya silaha. Lakini yapo mambo mawili yaliyoifanya ahadi hiyo kuwa nyepesi. La kwanza ni Mahakama Kuu yenyewe. Siku ya Pasaka ya mwaka 1873, katika mji wa Colfax, Louisiana, wazungu wenye silaha waliwaua makumi ya watu weusi, wengi wao wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Kesi iliyotokana na mauaji hayo ilipoamuliwa mwaka 1876, Mahakama ilisema kwamba Marekebisho ya Pili huizuia serikali kuu peke yake, wala hayamkingi mtu na uonevu wa raia wenzake.

Jambo la pili ni werevu wa watunga sheria. Tennessee mwaka 1879 na Arkansas mwaka 1881 zilipiga marufuku bastola ndogo za bei nafuu, zikaruhusu zile kubwa za aina itumiwayo na jeshi. Sheria hizo hazikutaja rangi. Hata hivyo, wanahistoria kadhaa wameonyesha kwamba bastola za jeshi zilikuwa ghali, na kwamba wengi waliokuwa nazo tayari ni askari wazungu wa zamani wa Kusini. Kivumishi cha rangi kilipoondoka, bei ilikalia kiti chake. Florida ilitumia njia nyingine mwaka 1893: mwenye kutaka kuchukua bunduki ya kufyatua mfululizo alilazimika kupata leseni ya wakuu wa wilaya, nao wampe mtu mwenye tabia njema. Mwaka 1941 jaji mmoja wa mahakama kuu ya jimbo hilo, Rivers Buford, aliandika bila ya kuficha kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwapokonya silaha vibarua weusi, na kwamba haikukusudiwa kamwe kutumiwa juu ya wazungu.

Basi maneno "tabia njema" na "mtu anayefaa" yalifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na neno "mweupe". Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kutupiwa bomu katika mji wa Montgomery, Alabama, mchungaji Martin Luther King aliomba kibali cha kuchukua bastola. Alinyimwa. Hakuna kifungu kilichosema kwamba mtu mweusi asipewe. Kilichokuwapo ni ofisa mwenye mamlaka ya kuamua nani anafaa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja California. Chama cha Black Panther, kilichoasisiwa Oakland mwezi wa Oktoba 1966 na Huey Newton na Bobby Seale, kilianza kuwafuata polisi barabarani kikiwa na bunduki zilizo wazi, jambo ambalo sheria ya jimbo iliruhusu wakati huo. Mbunge Don Mulford alipeleka mswada wa kuharimisha kuchukua bunduki yenye risasi hadharani. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wapatao 30 waliingia katika jengo la bunge mjini Sacramento wakiwa na silaha ili kuupinga. Mswada ulipita, ukatiwa sahihi na Gavana Ronald Reagan mwezi wa Julai. Chama cha Taifa cha Bunduki, kijulikanacho kwa herufi NRA, hakikuupinga.

Mwaka uliofuata Kongresi ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bunduki ya 1968. Sababu zake zilikuwa nyingi: kuuawa kwa Rais Kennedy kwa bunduki iliyonunuliwa kwa posta, kuuawa kwa King na Robert Kennedy, na ghasia za Newark na Detroit. Robert Sherrill, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alidai kwamba shabaha ya sheria hiyo ilikuwa watu weusi kuliko bunduki. Dai hilo linabishaniwa mpaka leo. Lisilobishaniwa ni kwamba wanaharakati weusi walikuwa miongoni mwa walioshtakiwa mapema kwa sheria hiyo. Pete O'Neal, mwenyekiti wa Black Panther katika Kansas City, mji uliokatwa na mpaka wa majimbo mawili, alihukumiwa mwaka 1970 kifungo cha miaka 4 kwa kuvusha bunduki mpaka huo. Alitoroka, na tangu mwaka 1972 alifanya maskani yake Tanzania, karibu na Arusha. Ndivyo kifungu kimoja cha sheria ya Marekani kilivyomleta mtu hadi chini ya mlima Meru.

Baada ya hapo pande zilibadilishana nafasi. Mwaka 1977 wanachama wa NRA waliokutana Cincinnati waliwaondoa viongozi wao, na chama kikawa adui mkubwa wa takriban kila sheria ya kudhibiti bunduki. Upande wa pili, mji wa Washington, uliokuwa na wakazi wengi weusi na baraza jipya la kujitawala, ulipiga marufuku bastola mwaka 1976. Safari hii watunga sheria walikuwa watu weusi wenyewe, waliochoshwa na mazishi ya vijana wao. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo mwaka 2008. Mwaka 2010 iliyafunga na majimbo kwa Marekebisho ya Pili, katika kesi ya Otis McDonald, mzee mweusi wa Chicago aliyetaka bastola ya kujilinda na wezi. Mwaka 2022 sheria ya New York, iliyomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kuchukua bastola, nayo ilianguka. Mawakili weusi waliowatetea maskini waliiambia Mahakama kwamba karibu wote walioshtakiwa kwa sheria hiyo walikuwa weusi au wenye asili ya Kilatini. Vyama vingine vya kutetea haki za watu weusi viliitaka ibaki.

Mgawanyiko huu si wa kushangaza. Watu weusi ni kama mtu 1 katika kila raia 7, lakini katika miaka ya karibuni wamekuwa zaidi ya nusu ya waliouawa kwa bunduki na wenzao nchini humo. Wao ndio walionyang'anywa silaha kwa karne nyingi, na wao ndio wanaozikwa kwa wingi kwa ajili ya silaha. Kwa hivyo historia hii haimpi ushindi mwepesi yeyote kati ya wapinzani wawili. Haithibitishi kwamba kila sheria ya kudhibiti bunduki ni ya ubaguzi, wala kwamba kulegeza sheria ni kumkomboa mtu mweusi. Mwezi wa Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, Philando Castile alimwarifu polisi aliyemsimamisha barabarani kwamba alikuwa na silaha, nayo aliimiliki kwa kibali halali. Alipigwa risasi papo hapo, na mwaka 2017 mahakama ikamwachilia askari huyo. Sheria ilikuwa imemtambua Castile kuwa mtu anayefaa. Mkono uliokuwa na bastola ya serikali haukumtambua hivyo.

Kwa hakika, lililo la kujifunza kwa wachunguzi wa lugha na wa historia ni hili: haitoshi kuuliza sheria inasema nini. Yapasa kuuliza pia ni nani aliyepewa mamlaka ya kuyafasiri maneno yake, na mbele ya macho ya nani mtu hugeuka kuwa raia au kuwa hatari.