Fritada ya Wayahudi wa Rhodes mjini Lubumbashi

Lubumbashi ilipokuwa ingali Elisabethville, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walikuja kufanya biashara. Sinagogi lao la karibu 1930 lingali limesimama. Jikoni walileta fritada: spinachi (jamaa wa lengalenga letu) inachemshwa, inakamuliwa maji yake makali, inachanganywa na mayai na jibini, kisha inaokwa katika tanuri. Kukamua ndiyo kazi yenyewe. Maji yakibaki, mayai hayashiki.

Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi zaidi ya 1,600 waliobaki Rhodes, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona ni wachache sana. Mapishi ya mama zao yakabaki kwa waliokwisha kuhama, wakiwemo hawa wa Katanga. Baada ya 1960 wengi wao nao walihamia Ubelgiji na Afrika Kusini, wakaondoka nayo.